Kumkaribia Paa wa Ngezi Bila ya Kumshtua

Mhariri ameniomba niandike somo juu ya paa wa msitu wa Ngezi, na hasa jinsi mtu anavyoweza kumkaribia asikurupuke. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa sababu msitu wenyewe ni jirani yetu, mwendo wa baskeli tu kutoka Konde kwa njia ya Makangale, na juu ya hivyo wengi wetu tumepita humo mara nyingi wala hatukupata kumwona paa hata mmoja. Barazani utasikia maneno ya namna mbili. Wa kwanza atakwambia paa wamekwisha zamani. Wa pili atakwambia wapo tele, hata shambani kwake huingia. Ukiwauliza wote wawili, "Umemwona lini kwa macho yako?" hapana mwenye jibu la haraka.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Paa wa Pemba ni mdogo kabisa. Kimo chake mabegani ni sentimeta 30 na kitu, na uzito wake aghalabu ni kilo 4 au 5, kama mbuzi mchanga. Rangi yake ni kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, rangi ya kivuli hasa. Ana pembe fupi zilizolala kuelekea nyuma, na majike wengi nao wanazo. Chini ya kila jicho pana tezi itoayo ute, naye hujisugua nao juu ya vijiti na magogo ili wenzake wajue kuwa hapa pana mwenyewe. Huishi wawili wawili, dume na jike, na mtoto wao mmoja akiwapo. Makaburu wa Afrika ya Kusini walimpa mnyama wa jamii hii jina la duiker, maana yake mpiga mbizi, kwa sababu akishtuka hujitosa kichakani kama mtu ajitosaye majini.

Jamaa zake wameenea katika misitu ya Afrika kutoka Nigeria mpaka Afrika ya Kusini, kwa hivyo katika orodha za dunia za wanyama walio hatarini hatajwi kuwa na shida. Lakini wataalamu humhesabu huyu wa kwetu kuwa ni namna yake peke yake, na katika jina lake la Kilatini limetiwa neno pembae, yaani wa Pemba. Namna hiyo haipatikani mahali pengine. Alivyofika hapa ni suala jingine. Unguja iliungana na bara zamani za barafu, wakati maji ya bahari yalipokuwa chini, na katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani wachimbaji wameona mifupa ya paa walioliwa na watu tangu maelfu ya miaka. Pemba haikuwa hivyo. Mkondo baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Wako wataalamu wanaodhani kuwa baadhi ya wanyama wetu waliletwa vyomboni na watu. Hilo tuwaachie wao.

Sasa, kwa nini tujisumbue kujifunza kumkaribia? Nitatoa mfano wa popo. Mnamo miaka ya 1990 ilihofiwa kuwa yule popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye hayupo pengine duniani, atamalizika kwa bunduki na kwa kukatwa miti yake. Mwaka 1996 alitiwa katika daraja ya wanyama walio karibu kabisa na kutoweka. Vijiji vikaamka, kama Kidike, vikalinda miti wanayolala popo, na mwaka 2008 daraja hiyo ikapunguzwa kwa sababu ilionekana idadi yao imepanda. Lakini ilionekanaje? Kwa kuhesabiwa. Popo hulala mchana kweupe, mamia kwa mamia juu ya mti mmoja, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kusimama chini akahesabu. Paa hakubali hivyo. Mtu akitaka kumhesabu paa hana budi kwanza ajue kumwendea, na ujuzi huo zamani ulikuwa kwa wasasi, wala hatukuurithi. Tukienda msituni kwa makelele tukarudi na kuandika "hapana paa", tumeandika habari ya makelele yetu, si habari ya paa.

Usasi ni wa namna mbili, na zinapingana. Kuna usasi wa kufukuza. Katika visiwa vyetu ulikuwa wa mbwa na nyavu: kundi la watu huzingira kichaka, mbwa wakaachiwa, paa akakurupuka akaangukia wavuni. Wambuti wa msitu wa Ituri, katika Kongo ya mashariki, huwinda vivyo hivyo: wanaume husimama kwenye nyavu na wanawake hupiga kelele wakiswaga, na mnyama wanayempata zaidi ni huyu huyu jamaa ya paa wetu, ambaye huko huitwa mboloko. Katika usasi wa namna hii kumshtua mnyama ndiyo kazi yenyewe. Namna ya pili ni kunyatia na kuotea, nao ni usasi wa mtu mmoja. Wahadza wa ziwa Eyasi, huko Tanzania bara, hutembea na upinde peke yao, na mwisho wa kiangazi hujificha usiku karibu na maji wakangoja. Hapo kumshtua mnyama ndiyo hasara yenyewe.

Ngezi ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, inailinda. Kwa hivyo ninaposema usasi katika somo hili nataka usasi wa macho na daftari. Tutachukua ujuzi wa yule wa pili, na mkuki tutauacha nyumbani. Kabla ya kuingia, pitieni kwenye kituo cha msitu kilichopo kando ya barabara, mtake ruhusa na mwenye kuwaongoza.

Jambo la kwanza ni pua, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo wengi wanaposhindwa. Sisi binadamu hutegemea macho, kwa hivyo hudhani kila mtu hutegemea macho. Paa huishi katika mahali ambapo jicho halioni hatua kumi, na harufu ndiyo barua yake. Akikusikia anaweza kungoja ajue wewe ni nani. Akikuona umetulia anaweza kukudhani kisiki. Akikunusa hana shaka tena, amekwenda zake, nawe hutajua kuwa alikuwapo.

Watoto wa mabaharia watanielewa nikisema kuwa paa lazima awe upande wa goshini na wewe uwe upande wa demani. Kwa wengine nieleze: goshini ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande unakokwenda. Upepo ukupige usoni, utoke kwa paa uje kwako. Basi fikirini msitu wetu ulivyo na pepo zetu zilivyo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, ingia kwa upande wa Konde uelekee kaskazini, upepo utakuwa usoni au ubavuni. Wakati wa kusi, tangu baada ya masika mpaka kiasi cha Oktoba, ukiingia kwa upande wa Konde umekwisha kuharibu, maana kila hatua harufu yako inakutangulia. Wakati huo fuata barabara mpaka upande wa pili wa msitu, kisha ingia kwa njia ya miguu ukirudi, uso umeelekea nyumbani.

Hayo ni juu ya upepo wa nje. Ndani ya msitu chini ya miti mikubwa upepo huwa mdogo na wenye hila. Unazunguka mashina, unasimama, unageuka. Usiuamini upepo wa vileleni. Chukua sufi kidogo mfukoni, na msufi kwetu si mti wa kutafutwa. Kila baada ya mwendo mfupi chomoa unyuzi mmoja uuachie mbele ya kifua, utazame unakokwenda. Jivu katika kitambaa chepesi nalo linafaa, ukikikung'uta kidogo. Asubuhi mapema, hewa ingali baridi, utaona sufi inateremka kufuata bonde. Jua likipanda nayo inapanda. Mwenye kujua hivyo hukaa bondeni asubuhi na mlimani adhuhuri, ingawa milima ya Pemba ni ya kuombewa jina tu.

Tena harufu yenyewe. Nguo iliyofukizwa udi yafaa harusini. Mafuta ya nywele, sabuni ya kunukia, marashi, kilua, hata kitambaa kilichofungiwa karafuu mfukoni, vyote viache. Sigara usiseme. Nguo ifuliwe kwa maji matupu, ianikwe nje usiku.

Jambo la pili ni mwendo. Mzee mmoja wa Makangale, ambaye ujanani mwake alikuwa msasi wa mbwa, nilimkuta kibarazani pake nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."

Nikamwuliza paa anamjuaje mtu naye hajamwona wala hajamnusa.

"Kwa mwendo," akasema. "Mbuzi hutembea, akala, akasimama, akatembea tena. Kuku vivyo hivyo. Binadamu peke yake ndiye aendaye kama saa ya ukutani, ta, ta, ta, mpaka afike."

Maneno haya yana elimu kubwa. Ukanyagaji wa jani moja haumtishi paa, kwa kuwa msituni majani yanalia kutwa: tumbili wanaruka, matunda yanaanguka, ndege wanapekua. Kinachomtisha ni mlio unaofuatana kwa kipimo. Kwa hivyo piga hatua mbili, simama. Hatua moja, simama zaidi. Hatua tatu, simama hata uchoke. Usimame penye shina la mti, usisimame uwanjani, kwa sababu aghalabu ni wakati umesimama ndipo anapojitokeza. Weka kwanza ukingo wa nje wa mguu, kisha uulaze polepole, ukihisi kijiti chini uunyanyue kabla hakijaalika. Viatu vya raba laini vinatosha. Ndara zinazopiga kofi kisiginoni hazifai hata kwa kwenda maktaba. Siku njema kupita zote ni asubuhi baada ya mvua ya usiku, majani yamelowa na hayana sauti. Katikati ya kaskazi, majani yakiwa makavu kama kaukau, usinyatie kabisa, otea.

Na muwe wawili, wakizidi watatu. Darasa zima haliwezi kumnyatia paa, hata likinyamaza, na darasa gani linanyamaza?

Jambo la tatu ni macho, yake na yako. Macho yake yako pande za kichwa, huona karibu pande zote kwa pamoja, na yameumbwa kuona kitu kinachojongea. Rangi hazimsumbui sana kama tunavyodhani. Wataalamu waliochunguza macho ya kulungu wa Marekani wameona kuwa hawapambanui nyekundu na kijani kama sisi, ndiyo maana wawindaji wa huko huvaa fulana za rangi ya chungwa, wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe, na kulungu wala hajali. Lakini buluu huiona vizuri, na nyeupe hung'aa katika kiza cha msitu. Basi sare zetu za skuli na kanzu nyeupe si mavazi ya kazi hii. Vaa kijani kilichopauka, au hudhurungi, na mikono uiweke chini. Mkono unaopunga mbu huonekana mbali kuliko uso.

Kwa upande wa macho yako, usimtafute paa mzima. Mtu atafutaye picha ya kitabuni, mnyama kamili amesimama ubavu, atamaliza siku. Tafuta mguu mmoja mwembamba baina ya vijiti, tafuta sikio. Tena chuchumaa. Paa ana kimo cha goti la mtu, na majani ya vichaka yameanza hapo juu yake. Ukiwa umesimama unaona majani tu, ukichuchumaa unaona chini ya dari anamotembea yeye. Na zaidi ya yote tafuta mkia. Chini ya mkia wake pana weupe, naye ana desturi ya kuupunga kila mara anapotembea na kula, kwa hivyo katika kivuli utaona kitu kidogo cheupe kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Huo ni mkia wa paa aliyetulia.

Kuotea ni rahisi kuliko kunyatia, na kwa mwanafunzi ndiko ninakokupendelea. Chakula cha paa ni majani yaliyoanguka, maua, mbegu, na matunda ambayo hawezi kuyafikia mwenyewe. Hungoja yaangushwe. Popo wakila usiku juu ya mti, asubuhi chini pana makombo. Tumbili wakila mchana wanamwaga zaidi ya wanachomeza, na paa wa jamii hii hujulikana kuwafuata wanyama wa juu kwa ajili hiyo. Ndege ninga nao huangusha. Kwa hivyo chunguza kwanza ni mti gani umezaa juma hili, utazame chini yake kama kuna nyayo za kwato mbili zisizozidi upana wa vidole viwili, au vijipunje vyeusi vya mavi vilivyolala pamoja. Ukiona, rudi kesho kabla ya saa 12 asubuhi. Kaa upande wa demani, mgongo umeegemea shina kubwa, mvule ukiupata ni bora, ili umbo lako lipotee. Kaa saa nzima bila ya kuinuka. Paa hutembea mchana, hasa asubuhi na alasiri. Usiku hulala, na adhuhuri hupumzika. Usikate tamaa kwa kuona tumbili wamekutambua wakaguta. Wakinyamaza na wakaendelea kula, msitu wote hurudi katika hali yake.

Sasa tuseme amekuona. Utajuaje? Mkia unaacha kupunga. Anasimama mguu mmoja umeinuliwa, masikio yamekuelekea. Pengine atapiga mguu chini. Hapo usijongee, usishike kalamu, wala usimkazie macho. Tazama pembeni yake. Mara nyingi akiona hapana jambo ataanza tena kula, kwanza kwa uwongo, akiinamisha kichwa na kukiinua ghafla ili akufume, kisha kwa kweli. Lakini akitoa ule mluzi wake wa puani, kama mtu apigaye chafya kwa mbinja, kazi imekwisha. Kulungu wa Marekani akishtuka huinua mkia wake mrefu mweupe kama bendera akakimbia, na kila mwenzake aliye karibu anauona. Paa wetu katika kichaka hana nafasi ya bendera, hutumia sauti. Wote walio karibu wameisikia. Usimfuate. Ukimfuata unamfunza kuwa mtu aliyesimama ni mtu atakayekimbiza, na yule atakayekuja baada yako ndiye atakayeikosa faida. Ondoka mahali hapo kwa njia uliyojia, ukaotee penginepo.

Kumbukeni kuwa Pemba hatuna chui. Woga wote huo paa ameuwekea watu na mbwa.

Ziko hila mbili za wawindaji ambazo nakatazeni. Moja ni ya kurunzi usiku: mwanga humzubaisha akasimama kama aliyefungwa, na majangili wa misitu mingi ya Afrika humwua hivyo. Ya pili ni kuita. Katika misitu ya Kongo wawindaji hubana pua wakatoa sauti ya paa anayelia, na wenzake huja mbio. Ni kweli huja. Lakini wamekuja kwa kudanganywa kuwa mwenzao yuko mashakani, na hesabu ya waliovutwa kutoka pande zote haitakupa habari ya waliokuwa wakikaa hapo.

Nimalize kwa hesabu, kwa faida ya wale wanaosema paa wapo tele. Msitu wa Ngezi una kiasi cha hekta 1,440. Wachunguzi waliomfuata mnyama huyu katika misitu ya Gabon waliona kuwa jozi moja hukaa katika eneo lake la hekta chache tu na hulilinda. Tuseme hekta 3. Tukigawa, msitu wote haungeweza kuchukua zaidi ya jozi 480, na hiyo ni kama kila pembe ingekuwa nzuri kwao, jambo ambalo si kweli, maana ndani yake kuna madimbwi, kuna mchanga mweupe upande wa Vumawimbi wenye vichaka vifupi, na kuna barabara. Hii si idadi ya paa waliopo. Ni dari ambayo hawawezi kuipita humo, na dari yenyewe si ya juu.

Kwa hivyo kila atakayekwenda aandike: tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, upepo, njia aliyofuata, alichokiona na umbali wake kwa hatua, na kama paa aliondoka kwa kutembea au kwa kukurupuka. Siku uliyorudi bila ya kuona kitu nayo iandikwe kwa saa zake zote. Saa tatu za kimya bila ya paa ni habari yenye thamani sawa na paa mmoja. Daftari liko katika maabara, rafu ya chini, karibu na darubini. Kwanza litiwe mistari na mtu mwenye hati nzuri.